Nusu Klachi

Bucyrus, Ohio
Alhamisi, 9 Novemba 2023

Kaka yangu Curtis,

Nakusalimu sana, wewe na wifi yangu Paulette, na Tessa, ambaye mimi shangazi yake namjua kwa picha tu. Natumaini hamjambo nyote, na kwamba lile goti ulilofanyiwa upasuaji wakati wa kiangazi limeanza kukuacha ulale. Nasikia huko Montana theluji imeshaanguka mara mbili. Huku bado ni mvua, na majani yameoza kwenye mifereji ya paa. Mwaka huu hakuna wa kuyatoa, na sababu yake utaiona mbele.

Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kushoto. Baba yupo. Nasema yupo kwa sababu ukiniuliza kama ni mzima sitajua nikujibu nini. Mapafu yamemchoka. Huu ni mwaka wa pili anaishi na mrija wa oksijeni puani, na mwezi wa Aprili daktari alizungumza naye kwa ile sauti ya upole ambayo Baba huichukia kuliko ugonjwa wenyewe. Lakini kula anakula. Bado anataka soseji na kabichi chachu kila Jumamosi, na bado anasema nazikaanga kama mtu anayeogopa moto.

Habari nilizo nazo ni ndefu, kaka. Tafadhali keti, na uisome barua hii mpaka mwisho, hata ukifika mahali utakapotaka kuichana.

Unalikumbuka gari. Huwezi kulisahau, lakini nalitaja kwa ajili ya Paulette kama atasoma begani kwako: Pontiac ya buluu ya mwaka 1966, milango miwili, silinda nane, iliyonunuliwa kabla sisi hatujazaliwa. Mama alikuwa akisema angeomba talaka, ila hajui mahakamani amtaje nani kuwa mke mwenzake. Giaboksi yake ilipovunjika mwaka 1988, Baba alifunga nyingine aliyoipata kwenye uwanja wa magari mabovu, ya gia tatu, nyepesi, isiyoweza kabisa kubeba nguvu ya injini ile. Aliliendesha mara chache, polepole, kama amebeba mayai, kisha akalifunika turubai. Zaidi ya miaka thelathini nimepita kando ya turubai lile nikienda kuchukua mashine ya kukatia nyasi, na sikuwahi kulifunua hata pembe.

Niliacha kazi ya jikoni pale shuleni mwezi wa Februari ili nikae naye. Tangu hapo siku zangu zimekuwa na urefu wa mrija wake. Ni mita kumi na tano. Unatoka kitandani kwake hadi mezani, mezani hadi kwenye dirisha la mbele, basi. Akiita naitika. Akilala nasikiliza mashine ikihema. Nikienda dukani narudi mbio, nikimkuta hai nashukuru, kisha naona haya kwa sababu kabla ya kushukuru kulikuwa na kitu kingine kilichopita moyoni ambacho sitakiandika.

Mwezi wa Mei alitaka nimshushe gereji. Ni ngazi tatu tu kutoka jikoni, lakini ilituchukua dakika kumi, kwanza yeye, kisha mashine. Nikamweka kwenye kile kiti cha plastiki. Akaniamuru nivute turubai. Halafu akanitangazia kwamba ameuza mashua yake ya aluminiamu, na kwamba kuna giaboksi mpya inakuja kwa lori, ya gia tano za kubadilisha kwa mkono, yenye nguvu mara mbili ya ile ya zamani, na kwamba mimi ndiye nitakayeifunga.

Nikamkumbusha kuwa mimi ni mpishi.

"Vizuri," akasema. "Umezoea vyombo vizito na watu wasiosema asante."

Hivyo ndivyo nilivyoingia chini ya gari nikiwa na miaka hamsini na mmoja. Yeye alikaa kitini na fimbo ya kuvulia samaki, akinionyesha kwa ncha yake bolti gani nianze nayo. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuchomoa waya wa betri kabla ya kugusa chochote, na kila asubuhi aliniuliza kama nimeuchomoa, hata kama nimeuchomoa mbele ya macho yake. Nilimwaga oili. Nilitoa propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Nilishusha ile giaboksi ya gia tatu, nikatoa klachi iliyokwisha. Nikikosea alinitukana kwa namna yake ile ile unayoijua. Hiyo ni spana, Glenda, si kijiko cha supu. Mama yako alikaza mifuniko ya jamu kwa nguvu kuliko hivyo. Na nikipatia hakusema kitu, ila mrija ulitulia puani mwake, nami nikajua.

Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahia. Kulikuwa na asubuhi za Juni ambapo nilitoka chini ya gari nina grisi mpaka masikioni, tukala sandwichi humo humo gereji, naye akanisimulia mambo ya kiwandani ambayo sikuwahi kuyasikia. Nilidhani hatimaye tumepata kitu cha kufanya sisi wawili zaidi ya kungoja.

Giaboksi mpya ilikuwa nene kuliko ya zamani, kwa hiyo ilibidi sakafu ya gari ikatwe, ule mgongo ulio katikati ya viti, na chuma cha chini kinachoshikilia giaboksi kisogezwe nyuma. Mwezi wa Agosti nilikuwa nakata kwa grenda, cheche zinaruka. Nilipozima ili nipumzike nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza tangu Mei. Nilimuuliza mtu ambaye haendeshi hata kwenda kanisani anataka nguvu yote hiyo ya nini.

Akanijibu kwamba gari si lake. Ni la Curtis. Akifa, wewe uje ulichukue, na karatasi zake ziko tayari kwenye droo ya juu. Kisha akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, na alipopata pumzi akasema, "Nimemwekea gia ambayo hata yeye hawezi kuivunja."

Kaka, nilivaa tena miwani ya kinga nikawasha grenda ili asinione uso.

Tangu siku ile furaha yote iliisha. Nilitaka kuacha. Lakini ningemwambia naacha kwa nini? Nilisema mgongo unauma, akaniambia nilale chini basi, kazi yenyewe ni ya kulala. Nilisema tumpe fundi amalizie, akaninunia siku mbili, hakula. Basi nikaendelea. Nilipima propela, nikaipeleka ikafupishwe, nikairudisha. Nilifunga klachi mpya na kuiweka sawa katikati, tena na tena. Kila bolti niliyokaza nilijua naikaza juu ya nini.

Sasa nakuja kwenye Jumanne ya kwanza ya Oktoba.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, kwa hiyo mlango mkubwa wa gereji tuliufunga. Gari lilikuwa juu ya stendi nne. Nilikuwa nimelala chali chini yake, giaboksi iko juu ya jeki yake ndogo ya magurudumu, imefungwa mkanda, naipandisha polepole ili ile shafti ya mbele iingie katikati ya klachi. Ilikuwa haiingii. Baba alikuwa amenionya wiki nzima kwamba mkanda ule umekwisha, ninunue mwingine. Sikununua. Nilitaka kumaliza nitoke. Nikaitikisa giaboksi kwa nguvu, mkanda ukateleza, ikanibingirikia.

Sikusikia maumivu mara moja. Nilisikia sauti, kama mtu amekanyaga kikapu. Kilo hamsini hivi za chuma zilikuwa zimelala juu ya mkono wangu wa kushoto, chini ya kiwiko, zimeubana kwenye saruji, na mkia wa giaboksi umenikalia begani. Kwa mkono wa kulia niliifikia lakini sikuweza kuiinua wala kuisukuma, kwa kuwa ilikuwa imejikwamisha kati ya fremu ya jeki na sakafu. Ilihitaji mtaimbo. Mtaimbo ulikuwa umetundikwa ukutani upande wa pili wa gari.

Ilikuwa saa nne na robo. Simu zote mbili zilikuwa juu ya meza jikoni, kwa sababu Baba hataki simu gereji.

Alinyanyuka kitini, akaja mpaka mrija ulipomkatalia. Mashine ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya karibu na benchi, waya wake haufiki mbali, yeye hana nguvu ya kuiburuta, na mrija wa gereji ni ule mfupi wa mita tatu, kwa sababu ule mrefu hunasa kwenye stendi. Akasimama pale, mrija umekaza kama kamba ya mbwa, zimebaki hatua nne au tano afikie mtaimbo. Nikaona mkono wake unakwenda puani. Nikampigia kelele. Nilimwambia akiutoa ataanguka kabla ya kufika, halafu tutakuwa wawili chini na hakuna wa kumwita mtu. Akanitukana. Nikamtukana na mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, tena kwa maneno yake mwenyewe.

Akajaribu mlango wa gari, aufikie usukani apige honi. Honi haikulia. Tulikuwa tumeshachomoa waya wa betri.

Tukapiga kelele. Nyumba ya jirani yetu Bi Ostrander imefungwa, amekwenda Florida na hatarudi mpaka Aprili. Upande mwingine unajua, ni shamba la soya. Baba sauti hana, na mimi ule mkia wa giaboksi ulikuwa unanibana nisijaze kifua. Tukanyamaza. Akaketi sakafuni karibu na miguu yangu, kule mrija ulikofika, akanishika kifundo cha mguu. Akasema Nadine wa posta hupita saa nane. Tungoje saa nane.

Sijui kama umewahi kungoja hivyo. Vidole vilianza kuwaka, kisha vikafa kimoja kimoja, nami nikawa navitaja kwa majina kama mtoto. Mbele ya macho yangu, kwa umbali wa kiganja, kulikuwa na tumbo la gari lile. Nilikuwa nalijua lote, kila bolti. Nilifikiri, hapa ndipo nilipo tangu nina miaka kumi na sita, ila leo ndiyo naona. Baba aliniongelesha nisilale. Aliniuliza mapishi. Aliniuliza supu ya maharagwe ya watoto mia tatu inataka chumvi kiasi gani, na nikikosa kujibu alinifinya mguu.

Saa nane ikafika. Tulisikia gari la Nadine linapunguza mwendo, tukasikia kifuniko cha sanduku la barua barabarani kikifunguliwa, kikifungwa. Tulipiga kelele kwa yote tuliyokuwa nayo. Baba aligonga bodi ya gari kwa spana. Redio ya Nadine ilikuwa juu, tulisikia hata matangazo. Kisha akaondoka.

Baba aliiweka spana sakafuni. Halafu akasema, taratibu tu, kama anajisemea, "Curtis angekuwepo angeinyanyua kwa mkono mmoja. Nguvu alikuwa nazo yule. Ukweli ndio hakuwa nao."

Hapo nikamwambia. Na sasa nakuambia wewe, kaka, kwa maneno yale yale.

Giaboksi ile ya mwaka 1988 niliivunja mimi.

Ilikuwa Jumamosi ile ya Agosti, Baba na Mama wamekwenda chakula cha kanisa kule Galion, na wewe umekwenda mtoni peke yako. Nilitoa ufunguo kwenye msumari. Ulikuwa umenisimulia sana jinsi gari linavyokusukuma kwenye kiti, jinsi unavyotoka gia ya pili kwenda ya tatu na barabara nzima inakukimbilia, nami sikuwa nimeruhusiwa hata kulikalia. Nililipeleka barabara ya machimbo. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, nikaivuta gia kabla mguu wa klachi haujashuka vya kutosha, ikalia ndani kama gunia la misumari. Nililirudisha nyumbani kwa gia moja, linatambaa. Nikalipanguza vumbi. Nikatundika ufunguo. Nikaingia jikoni kumenya viazi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, lakini hujui yalivyoonekana nikiwa nyuma ya mlango wa wavu. Mwezi mmoja kabla yake Baba alikuwa amekukamata unashindana na wenzako kwa gari lile pale pale machimbo, kwa hiyo hakuhitaji ushahidi. Ulimwambia hukuligusa. Ulimwambia mara tatu, nilihesabu. Yeye akasema mwongo hali mezani kwake. Hakugeuka hata mara moja kuangalia upande wa jikoni. Hakunifikiria kabisa. Hilo liliniuma, na hilo ndilo lililoniokoa, na sijui hadi leo lipi kati ya hayo mawili lilinifunga mdomo zaidi. Nilikuwa na kiazi mkononi. Nilikimenya mpaka kikaisha.

Ulipokuja kuniaga na begi lako, ukaniambia nisimwache Mama peke yake na yeye. Nikakubali kwa kichwa. Ungejua nilikuwa tayari kukubali chochote duniani ili uondoke upesi, kwa sababu nilikuwa siwezi kukutazama.

Na kuna zaidi. Ile barua aliyokuandikia Baba mwaka 1996, akisema amekusamehe, ambayo uliirudisha na kuandika juu ya bahasha kwamba huna cha kusamehewa, stempu yake nilibandika mimi. Iliporudi, niliipokea mimi. Siku ya mazishi ya Mama uliposimama nje ya uzio wa makaburi, mimi ndiye niliyemwambia Baba kwamba pengine una haraka. Kila mwaka nilijiambia Mama akiwa mzima nisimpe uchungu, na alipofariki nikajiambia Baba ni mzee. Watu hapa wananisifu kanisani. Wanasema Glenda amejitoa maisha yake yote. Sikujitoa, Curtis. Nilijificha.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa siuoni uso wake, niliona tu viatu vyake. Mashine ilihema, ikahema. Kisha akauliza, "Gia ipi?"

Nikamwambia kutoka ya pili kwenda ya tatu.

"Ulikanyaga klachi?"

Nikamwambia nusu.

"Nusu," akasema. Baada ya muda, "Miaka thelathini na mitano namwita mwanangu mwongo kwa ajili ya nusu klachi."

Nilisikia kitu chepesi kikianguka sakafuni na upepo unavuja. Ulikuwa mrija. Nikampigia kelele, nikamsihi, nikamwita Baba, nikamwita kwa jina lake lote, Merle Hufnagel. Hakujibu, nadhani alikuwa anatunza pumzi. Hakusimama. Alitambaa. Niliona mikono yake ikipita upande wa pili wa magurudumu, kisha magoti, kisha akatulia sana hivi kwamba nilidhani ndiyo basi, kisha mikono tena. Nikasikia mtaimbo unashuka ukutani. Aliusukuma chini ya gari, akauingiza kati ya giaboksi na jeki, akaulalia kwa uzito wake wote, na uzito wake siku hizi si kitu. Chuma kikanyanyuka kidogo sana, upana wa kidole. Nilivuta mkono wangu. Ulipotoka, ulitoka kama si wangu.

Nilipotoka upande ule nilimkuta ameegemea gurudumu, midomo imekuwa ya buluu, macho yamefunguka lakini hayanioni. Mrija haukufika. Nilichomoa mashine nikaiburuta kwa mkono wa kulia mpaka kwenye soketi ya ukuta ule, nikamwekea mrija puani, nikamshikilia kichwa. Sijui ni muda gani. Alipokohoa nilipanda ngazi kwenda kupiga simu.

Mimi nimevunjika mifupa miwili, nimewekewa chuma na misumari, plasta itatoka Desemba. Yeye alilazwa siku sita. Siku ya nne, manesi walipotoka, alinifanyia ishara nisogee. Nilidhani sasa atanifukuza, na nakwambia kweli, nilikuwa nimeshapanga kichwani nitachukua nguo zipi. Badala yake aliniambia nisikuambie.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Alisema wewe ukijua utakuja. Utasimama pale mlangoni, na yeye atavaa uso gani? "Mwache anichukie," akasema, "amezoea. Na mimi nimezoea. Nikishakufa mwambie utakavyo."

Nikakubali kwa kichwa, kama nilivyozoea.

Kwa hiyo tumerudi nyumbani, sasa tuko wawili ndani ya jambo hili, na nafasi yake ni finyu kuliko ilivyokuwa nilipokuwa peke yangu. Hanitukani tena. Huwezi kuamini jinsi ninavyoyataka matusi yake. Anasema tafadhali, anasema asante, anageukia dirishani. Gari bado liko juu ya stendi, giaboksi iko sakafuni juu ya kipande cha boksi, na hataki mtu mwingine aiguse. Anasema plasta ikitoka tutaendelea. Jana asubuhi, nikimnyoa ndevu, akaniuliza kama Curtis bado ana namba ile ile ya simu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Nauliza tu." Nilipomaliza kumnyoa nikaona ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Kila Alhamisi nampeleka kliniki kufanya mazoezi ya kupumua. Yanachukua dakika arobaini na tano, na hizo ndizo dakika pekee za wiki ambazo ni zangu. Nimeiandika barua hii humu ndani ya gari langu kwa Alhamisi tatu, karatasi nimeilaza juu ya plasta, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka. Wiki iliyopita niliandika ukurasa mzima kueleza kwamba nilikuwa na miaka kumi na sita tu. Nimeuchana. Na wewe ulikuwa na kumi na tisa.

Sikuombi unisamehe. Sikuombi uje, wala usije. Ukipiga simu, asubuhi kabla ya saa tatu ndipo sauti yake ina nguvu, na simu iko upande wake wa kitanda. Nikiisikia inalia nitatoka nje nisimame uani mpaka mmalize. Ukitaka kunitukana mimi, piga jioni, nitapokea, sitakata. Na usipopiga kabisa, nitajua umeisoma, hilo linatosha. Giaboksi ile nitaifunga mkono ukipona, kwa sababu gari ni lako. Lakini sitaingia tena chini yake hali wewe hujui.

Nisalimie Paulette. Mbusu Tessa, umwambie ana shangazi huku Ohio, na kama atauliza ni mtu wa namna gani, mwambie ukweli. Mungu akulinde wewe na nyumba yako na goti lako.

Kadi zote za Krismasi nilizokutumia tangu Mama atutoke nilitia sahihi "Baba na Glenda", hata miaka ambayo yeye hakujua kama nimezituma. Hii natia sahihi peke yangu.

Mlango wa kioo umefunguka. Anatoka, anavuta kimtungi cha oksijeni walichompa hospitalini, ananitafuta kwa macho katikati ya magari. Sanduku la posta liko ng'ambo ya barabara. Nitamwacha angoje kidogo.

Mimi mdogo wako,
Glenda